Mwaka Unaopungua na Rula Isiyotumika

Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, wazazi wengi nchini Tanzania wamekuwa wakipiga hesabu ileile. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka ule watamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Wenzao waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba mwaka huohuo. Makundi mawili yatafika kwenye mlango mmoja, kidato cha kwanza cha 2028. Watu wanauliza kama madarasa yatatosha, madawati yatatosha, walimu watatosha, na wana haki ya kuuliza. Lipo swali jingine linalosikika kwa sauti ya chini, kwenye vikao vya wazazi na kwenye makundi ya WhatsApp: mtoto asiyepita darasa la saba atapata wapi muda wa mazoezi? Mwaka ule, kwa shule nyingi, ni mwaka wa marudio. Jibu limeshaanza kutolewa kabla swali halijachambuliwa: tusheni ya jioni, mtihani wa majaribio kila Jumamosi, na mafaili ya maswali mia moja ya kubadili vipimo yanayosambazwa kutoka simu hadi simu.

Nadhani hapo tumeusoma ugonjwa vibaya. Watoto wetu wa darasa la tano hadi kidato cha kwanza hawana njaa ya mazoezi ya kubadili vipimo, wala ya kutafuta pembe ya tatu ya pembetatu. Wameyafanya mpaka madaftari yamejaa. Walichonyimwa ni kupima. Zoezi linalokuja baada ya mtoto kupima kitu kwa mkono wake humjengea ufahamu. Zoezi linalowekwa mahali pa kupima humfundisha kubahatisha kwa utaratibu. Kwa hiyo kuondoka kwa darasa la saba hakutatuumiza kwa kiasi tunachodhani, ila kutatuumiza sana tukiamua kuyabana mazoezi yaleyale ya miaka saba ndani ya miaka sita.

Tazama mada hizi mbili zinavyofundishwa mahali pengi. Kwenye vipimo, mwalimu huchora ngazi ubaoni: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Ukishuka ngazi moja, zidisha kwa 10. Ukipanda, gawanya kwa 10. Kisha maswali ishirini. Kwenye pembetatu, sentensi moja huandikwa na kupigiwa mstari: jumla ya pembe za ndani za pembetatu ni nyuzi 180. Kisha maswali ishirini mengine, na mtoto anajifunza kujumlisha 65 na 48, kupata 113, kutoa kwenye 180 na kuandika 67. Mkebe wa hisabati umenunuliwa, kipimapembe kimo ndani, na mara nyingi hutoka pale mtoto anapotaka kupiga mstari chini ya tarehe. Binti mmoja wa familia yetu, wa darasa la sita, alinionyesha daftari lenye alama za vema tupu: mita 3.5 ni sentimita 350, mita 0.8 ni sentimita 80. Nikamwuliza mlango wa sebuleni una urefu wa sentimita ngapi. Aliutazama kwa makini, akasema ishirini. Hakuwa mvivu wala mzito wa kuelewa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba daftari lile na mlango ule ni habari moja.

Ngazi yenyewe si mbaya. Shida ni kwamba inaficha jambo linalowapindua wengi: kipimo kikiwa kikubwa, namba inakuwa ndogo. Mtoto anasikia kilomita ni kubwa kuliko mita, na akili yake, kwa haki kabisa, inamwambia kwamba kwenda kwenye kilomita ni kwenda kwenye kikubwa, basi azidishe. Kanuni inamwambia agawanye. Anatii bila kuelewa, na wiki mbili baadaye hakumbuki alitii kipi. Aliyewahi kujaza ndoo ya lita 20 kwa kopo la nusu lita, kisha kwa jagi la lita mbili, hawezi kusahau kwamba chombo kidogo ndicho kilichomchosha kwa kuhesabu: makopo 40, majagi 10, na maji ni yaleyale. Hilo la maji kubaki yaleyale ndilo somo lenyewe. Kubadili kizio ni kubadili namna ya kusimulia kitu ambacho hakijasogea hata kidogo.

Na ngazi inapofika kwenye eneo huanza kudanganya. Mita moja ni sentimita 100, kwa hiyo mtoto anaandika kwamba mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 100. Hata watu wazima wengi huandika hivyo. Chora mraba wa mita moja sakafuni kwa chaki, kata kadi za sentimita 10 kwa 10, waambie watoto wapange. Kadi kumi zinajaza mstari mmoja, mistari kumi inajaza mraba, kadi ni 100, na kila kadi peke yake ina sentimita za mraba 100. Jumla 10,000. Kazi hiyo huchukua kipindi kimoja na maboksi mawili ya katoni, na inafuta kosa ambalo maswali mia hayalifuti, kwa kuwa maswali mia yanamwambia mtoto amekosa bila kumwonyesha anakosea wapi. Ujazo nao ni hivyohivyo: kasha la sentimita 10 kila upande hubeba lita moja, na makasha elfu moja hujaza mita moja ya ujazo. Ndiyo uniti moja kwenye bili ya maji, ndoo 50 za lita 20. Ni watoto wangapi wanaotumwa kisimani au bombani kila jioni na hawajaambiwa kwamba wanabeba mada ya darasa la sita kichwani?

Nitakaa kidogo kwenye shamba, kwa sababu huko ndiko hasara ya kutoelewa vipimo inakoonekana waziwazi. Vijijini kwetu ekari bado hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Wengi huiona kama makadirio ya kienyeji, lakini ina asili yake. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 kwa 70 ni 4,900. Kwa maneno mengine, hatua iliyokusudiwa ni yadi moja, karibu sentimita 91. Anayepiga hatua za namna hiyo atapata kipande cha mita 64 kwa 64, yaani mita za mraba 4,096, na ekari halisi ni kama 4,047. Kipimo hicho kimekaa vizuri. Sasa mlete mpimaji mfupi, au mwenye sababu zake za kufupisha, ambaye hatua yake ni sentimita 75. Upande unakuwa mita 52.5, na eneo ni mita za mraba 2,756. Mnunuzi amelipia ekari na kupewa pungufu kwa karibu theluthi. Hatua ilipungua kwa chini ya moja ya tano, lakini shamba limepungua karibu mara mbili ya hapo, kwa kuwa upungufu umeingia kwenye pande mbili kwa mpigo. Mkulima aliyemaliza la saba anajua kuzidisha 70 kwa 70. Alichokosa ni ile hisia ya kuuliza hatua ya nani, na kuogopa kinachotokea kipimo kinapojizidisha chenyewe.

Pembetatu ina tatizo la aina nyingine. Pale hakuna kanuni ya kuchanganya, kuna amri isiyotolewa sababu. Kwa nini 180, na si 175 au 200? Mtoto asiyeuliza hivyo amefundishwa kutouliza. Jibu lipo, na ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa ambavyo hisabati ya umri huo inaweza kumpa mtu. Kila mwanafunzi akate pembetatu yake kwenye karatasi, yoyote anayotaka, nyembamba, nene, iliyolala upande. Azichane ncha tatu na kuziweka zikigusana. Zinakaa kwenye mstari ulionyooka. Kwa jirani yake pia, na kwa darasa zima, ingawa hakuna pembetatu mbili zilizofanana. Hapo ndipo swali linapozaliwa lenyewe, na mwalimu anaweza kuonyesha kwa nini: pitisha kwenye ncha ya juu mstari ulio sambamba na kitako, utaona pembe mbili za chini zimepanda kukaa kila upande wa ile ya juu, na zote tatu zimejaza pembe nyoofu. Kuchana karatasi kunashawishi. Mistari sambamba inathibitisha. Mtoto wa miaka 12 anaweza kabisa kuiona tofauti ya mambo hayo mawili, na akishaiona ameingia kwenye hisabati yenyewe.

Atakayefika sekondari na kukutana na mada ya Dunia kama tufe ataona pia kwamba ukweli huo una mipaka. Anza Ncha ya Kaskazini, shuka hadi Ikweta, tembea juu ya Ikweta robo ya mzunguko wa Dunia, kisha rudi ulikotoka. Umechora pembetatu yenye pembe mraba tatu, jumla nyuzi 270. Aliyepewa 180 kama amri atadhani amedanganywa mahali fulani. Aliyepewa sababu ataona kilichobadilika: juu ya tufe hakuna ule mstari sambamba tuliouchora.

Wala mada hizi mbili hazijawekwa karibu kwenye masomo ya umri huu kwa bahati tu. Zote zinafundisha kutafuta kisichobadilika. Urefu wa mlango haubadiliki ukiutaja kwa mita au kwa milimita, na jumla ya pembe haibadiliki ukilivuta umbo huku na kule. Aljebra yote ya kidato cha kwanza na cha pili imejengwa juu ya wazo hilo, kwamba pande mbili za mlinganyo zinaweza kuandikwa upya bila usawa wake kuguswa. Katika miaka ya karibuni, watahiniwa wa kidato cha nne wanaofaulu Hisabati wamekuwa kati ya mmoja katika watano na mmoja katika wanne. Matokeo yakitoka tunaulaumu mwaka wa nne. Mimi naona ufa ulianza mapema zaidi, pale mtoto alipokubali kwamba hisabati ni mambo ya kutii.

Wanaotetea mazoezi mengi wana hoja nzito, na sitaki kuipita haraka. Hoja yao ya kwanza ni kwamba wepesi hauji bila kurudia. Mtu anayelazimika kufikiri upya kila anapokutana na 1,000 gawanya kwa 100 hatakuwa na nafasi kichwani ya kushughulikia swali kubwa lililobeba hesabu hiyo. Hilo ni kweli, na anayedharau kurudia hajawahi kumtazama fundi. Hoja ya pili inauma zaidi: darasa lina watoto 80 au 100, kipindi ni dakika 40, mwalimu ni mmoja. Kuandika maswali ishirini ubaoni kunawezekana, lakini kugawa kadi, kamba na mikasi kwa watoto 100 ni kazi nyingine kabisa. Mwalimu anayechagua ubao hajashindwa kazi, amepima hali yake. Ninachomjibu ni kwamba kurudia kuna wakati wake. Vipindi viwili vya kupima mwanzoni mwa mada vinapunguza vipindi vitano vya kusahihisha kosa lilelile baadaye, na vifaa vinavyohitajika vipo: kamba yenye mafundo, ndoo, boksi, karatasi iliyotumika. Makundi ya watoto kumi kumi nje chini ya mti yana kelele, ndiyo. Walimu wengi wa Sayansi na Kilimo wamefanya kazi hivyo miaka yote. Mtaala unaojali umahiri tumekuwa nao kwenye karatasi tangu katikati ya miaka ya 2000, na umahiri wa kupima haujapata kuonekana kwa mtu asiyepima.

Kuna wanaosema tatizo lote ni lugha, nao wameshika sehemu ya ukweli. Mtoto wetu anasoma miaka yote ya msingi akiandika sm, siku ya kwanza ya sekondari inageuka cm. Pembetatu, pembe mraba, nyuzi, mistari sambamba, msamiati wote alioujenga kwa taabu unawekwa kando na anaanza kutafuta majina ya Kiingereza ya vitu anavyovijua. Kwa mtoto dhaifu kidogo, muhula mzima wa kwanza ni wa tafsiri. Ningependa nchi ilitazame hilo upya, na nimelisema kila nilipopata nafasi. Lakini lugha haielezi yule binti na mlango wa sentimita ishirini. Aliulizwa kwa Kiswahili, katika nyumba ya Kiswahili, baada ya kufundishwa kwa Kiswahili. Tena Kiswahili kimejaa vipimo vya mwili na vya chombo, shubiri mbili kwa dhiraa, dhiraa nne kwa pima, vibaba vinne kwa pishi, na saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi, hata mtoto wa darasa la pili anaiona 8:00 kwenye simu na kusema saa mbili bila kukunja uso. Anabadili mwanzo wa kuhesabu kila siku. Tuna urithi mkubwa wa kuanzia, na haumo kwenye maswali ishirini ya ubaoni.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayokua kwa kasi: kwamba simu sasa inabadili vipimo yenyewe, kwa hiyo tunapoteza muda. Simu itakujibu kwa usahihi kabisa swali ulilouliza. Haitakuambia kwamba umeuliza swali lisilo lako. Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliyokuwa ikielekea Edmonton kutoka Montreal iliishiwa mafuta angani. Watu waliopima mafuta ardhini walijua kuzidisha, tena walirudia hesabu. Walitumia 1.77, uzito wa lita moja ya mafuta kwa ratili, kwa ndege iliyotaka kilo, ambapo namba sahihi ilikuwa kama 0.8. Ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji, na ilitua Gimli, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi, kwa ustadi wa rubani. Wote walipona. Mashine yoyote ingetoa majibu yaleyale kwa 1.77. Kinga pekee ilikuwa mtu mwenye hisia ya ukubwa, wa kuitazama namba na kusema haiwezekani lita moja ya mafuta ikawa na kilo karibu mbili wakati lita ya maji ni kilo moja. Kadiri simu zinavyotufanyia hesabu, hisia hiyo ndiyo kazi inayobaki kwetu, nayo haitengenezwi kwa kubonyeza.

Nikirudi kwenye 2028, naona mambo mawili yanayowezekana. Shule zinaweza kuugeuza mwaka wa sita kuwa ule wa saba wa zamani, marudio kuanzia Januari hadi siku ya mtihani, na kidato cha kwanza kikapokea makundi mawili yaliyochoka kwa viwango tofauti. Au zinaweza kuyahamisha maswali mia yaende mwishoni mwa mada, na kuanza darasa la nne na la tano kwa kamba na ndoo. Sioni shule ikichagua njia ya pili kwa hiari yake iwapo mtihani utabaki vilevile. Sehemu kubwa ya karatasi ya Hisabati ya kumaliza shule ya msingi ni ya kuchagua herufi, na mwalimu anafundisha kinachopimwa, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Kwa hiyo mzigo mkubwa uko kwa wanaotunga, na kwa wanaopanga fedha za kusahihisha, maana swali la maelezo linahitaji jicho la binadamu na binadamu analipwa. Sijaona mjadala wa bajeti ukiligusa hilo kwa uzito linaostahili, huku tukihesabu madawati.

Ningekubali mtihani upunguziwe maswali matano ya kuchagua ili liingie moja kama hili: Juma ana kiwanja cha mita 20 kwa mita 20. Ameandika kwamba ni sawa na sentimita za mraba 40,000. Eleza kwa maneno yako na kwa mchoro Juma alikosea wapi, kisha toa jibu sahihi. Jibu ni 4,000,000. Alama moja iende kwa namba hiyo, na tatu ziende kwa mchoro na maelezo.